Namna ya kusoma ripoti ya mwaka ya ONGC ukajua kama kampuni inakua kweli

Kampuni ya mafuta inaweza kukua kwa kuchimba zaidi, kwa kununua kampuni nyingine, au kwa bei ya mafuta kupanda duniani huku yenyewe imekaa palepale. Magazeti huziita zote "ukuaji". Mimi ni mhasibu, na jioni nafundisha vijana kusoma hesabu za kampuni. Nikitaka kuwaonyesha tofauti hiyo nawapa ONGC, kampuni ya mafuta na gesi ya serikali ya India. Mambo yote matatu yamo ndani yake, na ripoti zake zinapakuliwa bure na yeyote mwenye intaneti.

Pakua ripoti za miaka mitatu au minne, si moja. Mwaka mmoja peke yake haukwambii kitu. Mwaka wa fedha wa India huanza tarehe 1 Aprili na kuishia tarehe 31 Machi, kwa hiyo ukiona 2023-24 ujue hesabu zilifungwa Machi 2024. Ripoti ni nene, ina kurasa mamia. Picha na barua ya mwenyekiti vinaweza kusubiri. Cha kujua mapema ni historia fupi tu: ilianzishwa mwaka 1956 kama tume ya serikali, waziri Keshav Dev Malaviya akiwa nyuma yake, makao yakiwa Dehradun. Ikageuzwa kuwa kampuni mwaka 1993, na leo serikali inashikilia asilimia 58.89 ya hisa. Kwa hiyo kila uamuzi mkubwa utakaousoma mle una mkono wa mwenye hisa ambaye pia ndiye anayetunga kodi. Hilo tutalirudia.

Kwanza zoea tarakimu

Fedha zinahesabiwa kwa crore, na crore moja ni milioni 10. Laki unaijua. Koma ndizo zinazowasumbua wengi, maana baada ya tarakimu tatu za mwisho zinakuja kila baada ya mbili: 1,38,402. Isome laki moja, elfu thelathini na nane, mia nne na mbili. Ikiwa hizo ni crore za rupia, hiyo ni trilioni 1.38. Kanuni ya haraka: laki moja ya crore ni trilioni moja.

Mafuta nayo hawayapimi kwa mapipa bali kwa tani kwa mwaka. Ili ulinganishe na habari za kampuni nyingine, chukua tani milioni moja kwa mwaka uihesabu kama mapipa 20,000 kwa siku. Si sawasawa kabisa, lakini inatosha kukufungua macho. Gesi inaandikwa kwa mita za ujazo bilioni.

Seti mbili za hesabu, na kwa nini moja inapotosha

Ndani ya ripoti utakuta hesabu zimechapwa mara mbili. Zilizoandikwa Standalone ni za kampuni yenyewe. Zilizoandikwa Consolidated zimejumlisha kampuni tanzu zote. Kwa mwaka 2023-24 mapato ya ONGC yenyewe yalikuwa crore 1,38,402. Hesabu jumuishi zilionyesha zaidi ya crore laki 6. Tofauti hiyo haikuchimbwa kisimani. Sehemu kubwa ni ya HPCL, kampuni ya kusafisha na kuuza mafuta, ambayo ONGC iliinunua Januari 2018: asilimia 51.11 ya hisa kwa crore 36,915.

Ukifika hapo, jiulize swali ambalo mhasibu yeyote angeuliza: muuzaji alikuwa nani? Alikuwa serikali ya India. Yaani serikali iliuza hisa zake kwa kampuni ambayo nayo ni yake, ikapata fedha za bajeti, na kampuni iliyokuwa na akiba nzuri ikalazimika kukopa. Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha ya 2017-18 uione mikopo ikiingia na ununuzi ukitoka. Yapo maelezo ya kutetea hatua hiyo, kwamba kampuni inayochimba na kusafisha pia hutikisika kidogo bei zikiyumba, na nayakubali kwa kiasi. Lakini usiyahesabu mauzo ya vituo vya petroli vya HPCL kama ukuaji wa uchimbaji. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba ukitaka kujua ONGC inafanya nini ardhini na baharini, fanya kazi na hesabu za kampuni yenyewe. Jumuishi zitumie kupima madeni ya kundi zima.

Jedwali la uzalishaji ndilo moyo wa ripoti

Hili liko katika taarifa ya wakurugenzi. Litafute, kisha chukua karatasi uandike mafuta ghafi mwaka kwa mwaka, pamoja na sehemu ya kampuni kwenye miradi ya ubia. Mwaka 2013-14 utapata karibu tani milioni 26. Mwaka 2023-24 utapata karibu milioni 21. Kwa kanuni yetu ya 20,000, ni kama kutoka mapipa laki 5 na elfu 20 kwa siku hadi laki 4 na elfu 20. Katika muongo huohuo vichwa vya habari vilijaa rekodi za faida.

Kwa nini yalishuka? Jibu kubwa linaitwa Mumbai High. Mwaka 1974 mtambo wa Sagar Samrat ulitoboa sakafu ya bahari kilomita 160 hivi magharibi ya Mumbai, ukakuta hifadhi kubwa kuliko zote ambazo India imewahi kupata. Mafuta yakaanza kutoka 1976, na mwishoni mwa miaka ya 1980 eneo hilo lilitoa zaidi ya mapipa laki 4 kwa siku. Ila kisima hakizeeki kwa utaratibu. Msukumo wa chini hupungua, maji huanza kupanda pamoja na mafuta, mabomba ya chini ya bahari hupata kutu, na kila pipa la ziada hugharimu zaidi ya lililotangulia. Wahandisi hupuliza maji na gesi chini kusukuma kilichobaki, na hutoboa visima vya kando kufuata mifuko iliyorukwa. Januari 2025 ONGC ilitangaza kuichukua BP, kampuni ya mafuta ya Uingereza, kuwa mtoa huduma za kiufundi wa Mumbai High, akilipwa kwa sehemu kulingana na uzalishaji utakaoongezeka. Kwa macho yangu hilo ni kubwa kuliko ununuzi wa HPCL, ingawa halikupigiwa kelele kama hizo. Katika ripoti zinazofuata, tafuta eneo la magharibi baharini uone kama mstari umeinuka.

Nchi kavu nako kuna kazi ya uvumilivu ambayo haistahili kurukwa. Kaskazini mwa Gujarat, kwenye maeneo ya Balol na Santhal karibu na Mehsana, mafuta ni mazito mno kiasi kwamba hayatiririki yenyewe. Wanapuliza hewa chini, sehemu ya mafuta inaungua humohumo ardhini, na joto linalainisha mengine yasogee kwenye visima. Mtu akisoma jedwali bila kujua hayo, anaona tani chache tu. Mimi naona watu waliokataa kuliacha eneo.

Kisha angalia mashariki. Bonde la Krishna-Godavari, nje ya pwani ya Kakinada huko Andhra Pradesh, lina kitalu kinachoitwa KG-DWN-98/2, kwenye maji ya kina kirefu. Mafuta ya kwanza yalitoka Januari 2024 na kupokelewa kwenye meli ya Armada Sterling V, baada ya miaka ya kuchelewa. Mradi wa namna hii una somo moja la usomaji: weka ripoti za zamani mezani, soma kila mwaka ahadi ya tarehe ya kuanza, uilinganishe na ya mwaka uliofuata. Tarehe ikisogezwa kila mara, na gharama nazo zikisogea, hapo ndipo unaipima menejimenti. Si kwenye barua ya mwenyekiti.

Pembeni ya uzalishaji weka uwiano wa akiba mpya ya mafuta ardhini na mafuta yaliyotolewa. Ukizidi moja, kampuni imeongeza kwenye akiba zaidi ya ilichotoa. Ni kipimo kizuri, lakini akiba ya kwenye karatasi na mafuta yanayotoka ni vitu viwili, kwa hiyo usikitumie peke yake.

Serikali inapochukua mkono wa kwanza

Sasa njoo kwenye matumizi, uone fungu la mrabaha, tozo na kodi. Tozo ya mafuta ghafi ni asilimia 20 ya thamani tangu 2016. Zamani ilikuwa kiwango cha rupia kwa tani, ambacho kiliumiza sana bei ikishuka. Tarehe 1 Julai 2022, bei zilipopaa baada ya vita vya Ukraine, serikali iliongeza ushuru maalumu wa rupia 23,250 kwa tani, ambao ni karibu dola 40 kwa pipa. Ukawa unabadilishwa takriban kila wiki mbili hadi ulipofutwa Desemba 2024. Maana yake ni kwamba katika kipindi hicho bei ya dunia uliyoisoma gazetini haikuwa bei iliyobaki mfukoni mwa kampuni. Gesi nayo ina mfumo wake: tangu Aprili 2023 gesi ya maeneo ya zamani inauzwa kwa asilimia 10 ya bei ya wastani ya mafuta yanayoingia India, ikiwa na ukomo wa juu uliowekwa dola 6.50 kwa kuanzia.

Ukirudi nyuma zaidi, hadi 2013-14, utakuta kampuni ikitoa punguzo la zaidi ya crore 56,000 kwa mwaka mmoja kusaidia dizeli, mafuta ya taa na gesi ya kupikia viuzwe rahisi. Sisemi wananchi wa India hawakustahili nafuu hiyo. Nasema tu kwamba ukilinganisha faida ya mwaka huo na ya leo bila kuliona punguzo, utakuwa unalinganisha kampuni mbili tofauti.

Mfano wa maelezo ya nyuma

Chukua miaka miwili iliyofuatana. Mwaka 2022-23 mapato ya ONGC yenyewe yalikuwa crore 1,55,517, na faida iliyotangazwa crore 38,829. Mwaka uliofuata mapato yakashuka hadi 1,38,402, lakini faida ikapanda hadi 40,526. Mwanafunzi wangu mmoja alidhani matumizi yamebanwa. Nikamwambia afungue maelezo ya hesabu, zile kurasa za herufi ndogo. Mle ndani alikuta kwamba mwaka wa kwanza kampuni ilitenga fedha nyingi kwa ajili ya mgogoro wa kodi ya huduma na GST (kodi ya bidhaa na huduma) juu ya mrabaha, mzigo ambao uliitia hasara hata robo ya Januari hadi Machi 2023. Sehemu ya kile kilichoonekana kama nafuu ya mwaka uliofuata ilikuwa kutokuwepo kwa mzigo huo.

Ukiwa nyuma huko, soma pia maoni ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa India. Kampuni za serikali zinakaguliwa na wakaguzi wa kawaida, kisha yeye anaweza kuongeza maoni yake, na huambatanishwa na ripoti. Mara nyingi ni mafupi. Yakiwa marefu, simamisha kila kitu uyasome.

Mali za nje

Kampuni tanzu ya ONGC Videsh ndiyo inayoshika vitalu vya nje. Kwa hizi, hesabu za mapipa hazitoshi. Angalia kama kampuni inaweza kuzigusa fedha zake. Ina asilimia 20 ya Sakhalin-1 nchini Urusi, lakini tangu vikwazo vya 2022 sehemu ya gawio la kampuni za India imekwama katika benki za huko. Kwenye Eneo la 1 la bonde la Rovuma, Msumbiji, ina asilimia 16, Oil India ina 4 na tawi la BPCL lina 10; hizo nazo ni kampuni za mafuta za serikali ya India. Gesi iliyopo ni nyingi mno, ila baada ya wapiganaji kuushambulia mji wa Palma Machi 2021 kazi ilisimamishwa kwa zaidi ya miaka minne. Fedha zilizokwishawekwa zinabaki kwenye mizania kama mali, mwaka hadi mwaka, bila kuleta hata senti. Tafuta mstari wa kushusha thamani ya mali uone wakurugenzi wamekubali kiasi gani.

Ukishamaliza ONGC, ifanyie Oil India vivyo hivyo. Ni ndogo zaidi, makao yake yako Duliajan, Assam, na tangu Machi 2021 inamiliki sehemu kubwa ya kiwanda cha Numaligarh, kinachopanuliwa kutoka tani milioni 3 hadi 9 kwa mwaka. Bomba la zaidi ya kilomita 1,600 kutoka bandari ya Paradip linajengwa ili kukilisha. Hapo tena tenganisha kilichonunuliwa na kilichochimbwa. Halafu chukua ripoti yake ya 2020-21, utafute Baghjan, kisima kilicholipuka tarehe 27 Mei 2020, kikashika moto mwezi uliofuata na kuwaka hadi Novemba, kando ya ardhi oevu ya Maguri-Motapung. Wazima moto wawili walifariki, na maelfu ya watu walihama nyumba zao. Soma fungu la fidia na gharama za kukizima, kisha angalia katika ripoti za miaka iliyofuata ni kiasi gani kilikwishalipwa.