Dizeli ya zamani ikigoma kuwaka asubuhi ya baridi: acha stata kwanza, ipe joto

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane huku Uyole, Mbeya, simu yangu inaanza kulia saa kumi na moja alfajiri, na wengi ni watu wa viazi, gari iko Isyonje au kule juu milimani Kitulo, mzigo ushapakiwa jana na sasa imegoma. Mi nauliza swali moja tu, umepiga stata mara ngapi? Naambiwa nimepiga mpaka betri imekata. Basi hapo kazi ishakuwa mbili.

Dizeli haina plagi za cheche kama petroli. Inawaka kwa sababu hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inapata moto mkali, ndo mafuta yakipulizwa yanashika. Sasa injini kuukuu, kama zile za Toyota zinazoitwa 2L, 3L au ile 1HZ ya Land Cruiser, ikilala usiku kwenye baridi chuma kinanyonya joto lote, na kama ringi za pistoni zishalika hata kubana haibani vizuri. Ndo maana ikawekewa plagi za hita, zinazopasha joto ndani kabla ya kuwasha.

Hatua ya 1 ni ya jioni. Paki kwenye mteremko, pua inaangalia chini. Rejeta isiwe na maji matupu, weka kulanti, yale maji ya rejeta yasiyoganda, maana Kitulo majani yanaamka meupe kwa barafu.

Hatua ya 2. Asubuhi fungulia swichi, usipige stata. Subiri kile kitaa chenye alama ya springi kizime, zima swichi, rudia tena mara mbili.

Hatua ya 3. Kanyaga klachi mpaka chini ili stata isizungushe na giaboksi yenye oili nzito, mafuta kanyaga nusu, piga stata sekunde kumi tu, isipowaka achia uipumzishe dakika nzima. Na umtume mtu nyuma aangalie ekzosi, maana moshi unasema kila kitu. Ukitoka mweupe, mafuta yanafika ila hayashiki moto, tatizo ni joto, rudi kwenye hita. Usipotoka moshi kabisa, mafuta hayafiki. Hapo nenda kwenye filta, legeza koki ya chini umwage maji, kaza, alafu bonyeza ile pampu ya mkono ya juu yake mpaka iwe ngumu.

Sasa plagi za hita zenyewe, hapa ndo watu wanaliwa hela. Kwanza taa ya testa, klipu kwenye bodi, ncha kwenye kile kibati kinachoziunganisha, mwenzio afungulie swichi. Isipowaka, angalia fyuzi na rilei kabla hujanunua plagi yoyote. Ikiwaka, fungua kibati ukitoe kabisa (ukikiacha plagi moja nzima itazifichia zilizokufa), hamisha klipu kwenye chanya ya betri, gusa kichwa cha kila plagi. Inayowasha taa ni nzima, isiyowasha imekufa. Na ukienda dukani soma volti iliyoandikwa kwenye ile ya zamani, maana Toyota zingine zinatumia plagi za volti 6 na zingine 11, ukichomeka ya 6 kwenye mfumo wa 11 inaungua siku hiyo hiyo, alafu unakuja kusema fundi kakuibia.

Etha, ile dawa ya kopo ya kuwashia inayopulizwa kwenye njia ya hewa ya injini, usiguse kama hita zinafanya kazi. Nimefungua injini ya mzee mmoja, kijana wake alipuliza plagi zikiwa za moto, pistoni ilipasuka kabisa. Na hili la kuweka jiko la mkaa chini ya sampu, lile bakuli la oili, ili ipate joto, najua mnafanya. Kanada watu wanachomeka hita ya injini kwenye umeme usiku kucha, sisi tuna mkaa, sawa, ila kama oili au dizeli inavuja we usithubutu.

Betri ikichoka ndo unatumia mteremko wako, gia ya pili, achia klachi gari ikishashika kasi. Ila isiwe imekufa kabisa, ile solenoidi ya pampu bila umeme haifungui mafuta hata msukume mpaka Tukuyu.

Ikiwaka usiikanyagie, oili bado haijapanda juu, iache ingurume taratibu dakika tatu nne. Moshi mweupe ukiendelea hata injini ikishapata moto, hapo sio baridi tena, niletee tufungue nozo, zile zinazopuliza mafuta.