Somo: Kufowadi barua pepe kwa Mutt bila barua kufika nusu

Mutt ni programu ya barua pepe inayofanya kazi ndani ya terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Hakuna kubofya, kila kitu ni kibodi. Michael Elkins aliianzisha mwaka 1995 na bado inatunzwa hadi leo. Kwetu Uganda, ambako tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12, programu hii inaokoa bando kwelikweli. Ukiwa Mbale ukaingia kwa SSH (njia salama ya kutumia kompyuta nyingine ukiwa mbali) kwenye seva ya ofisi iliyoko Kampala, na Mutt iko huko huko, ukafowadi kiambatisho cha MB 10, kiambatisho hicho kinatoka seva kwenda seva. Kwako yanapita maandishi ya skrini tu. Ila ukiwa na Mutt kwenye laptop yako na unasoma kwa IMAP, yaani barua zinakaa kwenye seva nawe unazifungua kutoka huko, faili itashuka kwako kisha ipande tena, na utailipia mara mbili.

Naandika somo hili hasa kwa makatibu wa vyama vya ushirika na SACCO. Wengi wanafowadi kila barua kwa namna moja, halafu mpokeaji anabaki kuuliza, "Ankara iko wapi?" Mutt ina njia tatu, na kila moja ina barua zake.

Hatua ya 1. Nachukulia kwamba Mutt yako tayari inatuma na kupokea. Fungua ~/.muttrc, faili ya mipangilio ya Mutt, na uongeze mistari hii (nano ni programu ya kuandikia maandishi):

set editor = "nano"
set mime_forward = ask-no
set forward_format = "Fwd: %s"

Mstari wa katikati ndio muhimu kuliko yote. Unaifanya Mutt ikuulize kila mara: barua ya asili iingie ndani ya barua mpya, au iende nzima kama kiambatisho?

Hatua ya 2. Simama juu ya barua na ubonyeze f. Andika anwani ya mpokeaji, kwa mfano mhasibu@example.org, kisha kubali au badilisha kichwa cha habari. Likija swali "Forward as attachment?" jibu n. Nano itafunguka na maneno ya barua ya zamani yakiwa tayari ndani. Andika ujumbe wako juu yake. Ufute pia visivyomhusu mpokeaji: namba za simu za wanachama, majina ya wagonjwa, madeni ya watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na hata isingekuwapo, mambo ya mtu si ya kutembezwa. Hifadhi kwa Ctrl+O na Enter, toka kwa Ctrl+X.

Sasa usikimbilie y ya kutuma. Tazama orodha ya viambatisho kwenye skrini ya kutuma inayofuata. Kwa njia hii ya n, matoleo ya sasa yanakuuliza kama viambatisho viende pamoja na barua. Ya zamani yaliviacha nyuma kimyakimya. Kama ankara haimo kwenye orodha, haitafika. Iongeze kwa a ikiwa unayo kama faili, au anza upya na ujibu y kwenye lile swali.

Hatua ya 3. Ukijibu y, barua ya asili inakwenda nzima, pamoja na vichwa vyake vyote. Tumia njia hii kwa kila barua ya kutiliwa shaka. Mtu akikuandikia akijifanya benki yako, fundi anahitaji mistari ya Received inayoonyesha barua imepitia seva zipi. Ukifowadi kwa n, kwa kawaida Mutt inaiondoa mistari hiyo, na fundi hana pa kuanzia.

Hatua ya 4. Herufi b inaelekeza barua upya bila kuigusa. Jina la mtumaji linabaki la yule wa mwanzo, na mpokeaji akijibu, jibu linamwendea yeye, si wewe. Inafaa barua ikikosea mlango. Kuwa mwangalifu tu: seva inayotuma ni yako ilhali jina ni la mtu mwingine, kwa hiyo huenda barua ikaangukia kwenye spamu.

Maswali ya wanachama

Arua: Mwalimu, nina ripoti nyingi za mhasibu. Nizifowadi moja moja?
Hapana, ndugu. Bonyeza T, andika ~f mhasibu, Enter. Zote zilizotoka kwake zitawekwa alama. Kisha bonyeza ; (nukta mkato), halafu f, na ujibu y. Zitakwenda ndani ya barua moja, kila ripoti ikiwa kiambatisho chake.

Busia: Mtandao ukikatika nikiwa naandika kwa SSH, kazi yote imepotea?
Kwenye seva, washa kwanza tmux, programu inayoweka kazi yako hai hata mtandao ukikatika, ndani yake ndipo ufungue Mutt. Mtandao ukirudi, ingia tena na uandike tmux attach. Utaikuta barua ulipoiacha. Na ukitaka tu kuipumzisha, bonyeza P kwenye skrini ya kutuma, kisha R kwenye orodha ya barua kuirudisha.

Gulu: Faili yangu ni MB 20 na kikomo cha Gmail ni MB 25. Mbona imekataliwa?
Barua pepe hugeuza faili kuwa herufi ili ipite, na ukubwa unaongezeka kwa theluthi hivi. MB 20 zako zimekuwa karibu 27. Kama barua ina faili kadhaa na mpokeaji anataka moja, bonyeza v, simama juu ya hiyo moja, bonyeza f, na ukiulizwa jibu y.

Jinja: Seva yetu haina Mutt, ina mailx peke yake, ile programu sahili ya barua ya kuandika amri, na msimamizi hataki kuongeza kitu.
Inawezekana, dada. Ndani ya mailx andika m mhasibu@example.org, weka kichwa cha habari, andika maneno yako, kisha kwenye mstari mpya andika ~f 3 ikiwa barua unayotaka ni ya tatu. Ukipenda maneno yake yaingizwe ndani kidogo ili yatofautiane na yako, tumia ~m 3. Maliza kwa Ctrl+D kwenye mstari mtupu. Hiyo ni kwa maandishi tu. Usiitegemee kwa viambatisho.