Kabla Hujapanda Boda, Lijue Fuvu Lako

Mtu akianguka na pikipiki damu ikamchuruzika usoni, mtaa mzima unamkimbilia. Akiinuka, akajipangusa vumbi na kusema "niko poa", tunamwacha aende zake. Kwa ajali za kichwa, hofu yetu mara nyingi inakaa upande usio wake. Ngozi ya kichwa imejaa mishipa ya damu, hivyo hata mchaniko mdogo humwaga damu ya kutisha, na mara nyingi ukiukandamiza kwa kitambaa safi hutulia. Wa kuogopwa zaidi ni huyo wa "niko poa".

Fuvu la mtu mzima lina mifupa 22. Minane imeufunika ubongo, 14 ni ya uso, na yote imeshikana isipokuwa taya la chini, ndilo peke yake linalocheza. Kwa mtoto mchanga mifupa haijafungana, ndiyo maana utosi wake hudundadunda. Ule wa mbele kwa kawaida hufunga kabla hajatimiza miaka miwili. Mtoto wa umri huo hapaswi kupakiwa kwenye boda, hata akibanwa katikati ya mama na dereva.

Sasa weka kidole panjani, pembeni pale kati ya jicho na sikio. Hapo mifupa minne inakutana, na ni moja ya sehemu nyembamba kabisa za fuvu. Upande wa ndani, ukiwa umelala kwenye mfupa huohuo, kuna mshipa unaopeleka damu kwenye utando wa ubongo. Mfupa ukivunjika mshipa unaweza kuchanika, damu ikajikusanya chini ya fuvu. Fuvu halitanuki. Kinachosogezwa ni ubongo, na unasogezwa taratibu: mtu huzimia kidogo, huzinduka, huzungumza vizuri kabisa kwa saa kadhaa, kisha hali inabadilika ghafla.

Binamu yangu alianguka jioni, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Alikunywa chai, akaomba chapati ya pili. Ilipofika saa tatu usiku akaanza kumwita mdogo wake kwa jina la marehemu babu. Kilichomwokoa ni shangazi, aliyekataa katakata asilale peke yake.

Kwa hiyo maandalizi yanaanza na kofia ngumu, na hapa abiria tuna visingizio vingi: inanuka, inaharibu misuko, naenda hapo tu. La harufu lina dawa. Beba kofia nyepesi ya kitambaa au ile ya plastiki ya kuogea, uivae ndani. Haijazi hata mfuko wa suruali. Ukikabidhiwa helmeti, angalia mkanda wa kidevuni kabla ya rangi yake. Bila mkanda kufungwa, itaruka kabla wewe hujafika chini. Itikise kichwani: ikicheza, omba nyingine au tafuta boda mwingine. Chungulia na ndani. Kazi kubwa hufanywa na lile povu gumu linalobonyea na kumeza kishindo, nalo likishabonyea halirudi, hivyo helmeti iliyowahi kupigwa kwa nguvu ni pambo tu. Mapitio ya tafiti nyingi yalikuta kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa waendesha pikipiki kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kwa kitu cha kufunga sekunde tano, sijui tunabishia nini.

Jua pia, kabla ya siku yenyewe, ni hospitali ipi ya karibu nawe yenye kipimo cha siti skani (CT scan), kile kinachopiga picha za ndani ya kichwa. Siyo kila kituo kinacho, na kuuliza saa nane usiku ni kuchelewa. Weka namba ya ndugu mahali inapopatikana hata simu ikiwa imefungwa. Karatasi ndani ya kava inatosha. Kwa Tanzania, kubalianeni kwamba mmoja atamkimbiza majeruhi na mwingine atafuata PF3, ile fomu ya majeruhi, polisi.

Pale barabarani, msimwinue mtu kwa kumvuta mikono, maana shingo huenda nayo imeumia. Helmeti msiivue kwa pupa, isipokuwa imemzuia kupumua. Akitokwa na damu au majimaji yasiyo na rangi sikioni au puani msizibe. Inaweza kuwa ni maji yanayouzunguka ubongo, dalili kwamba sakafu ya fuvu imepasuka. Huyo ni wa hospitali moja kwa moja. Msimpe maji wala soda.

Akiruhusiwa kurudi nyumbani, asikae peke yake kwa saa 24 za mwanzo. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli kama daktari alivyoelekeza, siyo aspirini wala diklofenaki, ambazo zinaweza kuzidisha kuvuja damu. Pombe hapana. Kulala anaruhusiwa, ili mradi akiamshwa aamke sawasawa. Muulize yuko wapi na leo ni siku gani. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kumuuma, akipata degedege, ulimi ukiwa mzito, mkono mmoja ukilegea, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko mwenzake, msingoje kukuche.

Kwa mzee, hasa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na kwa mnywaji wa kila siku, hesabu ni ndefu zaidi. Kwao damu inaweza kuvuja kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Babu akianza kupepesuka au kusahausahau, mkumbuke ile siku alipojigonga kwenye fremu ya mlango, mkamwambie daktari.