Kabla Hujaingia Baharini Kuhesabu Pomboo

Wengi wanaotoka Mombasa kwenda Shimoni kuhesabu pomboo katika maji ya Wasini na Kisite-Mpunguti hufungasha kamera kwanza na kukumbuka kibali mwisho. Geuza mpangilio huo, kwa sababu Kisite-Mpunguti ni hifadhi iliyo chini ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), na bila kibali cha utafiti safari yako itaishia gatini. Jaketi okozi liwe moja kwa kila mtu, na alivae, asilikalie. Maji ya kunywa, kofia na mafuta ya akiba havihitaji maelezo.

Chagua majira. Kusi ikishika, mapovu ya mawimbi huficha pezi hata lililo karibu, na hesabu ya siku hiyo haitakuwa na maana. Nenda wakati wa kaskazi, alfajiri, kabla upepo haujaamka, na nahodha mzaliwa wa huko akisema leo hapana, iwe hapana. Jifunze pia kuwatofautisha: pomboo mwenye nundu, aliye katika hatari ya kutoweka, hupenda maji ya kina kifupi karibu na pwani, ilhali wale wanaoruka huku wakijizungusha huonekana zaidi kwenye kina kirefu.

Jambo ninalokusihi usilipuuze ni saa. Mwaka wangu wa kwanza nilikabidhiwa fomu za kumbukumbu. Asubuhi niliandika saa ya Kiswahili kama nilivyolelewa, na baada ya chakula, nilipoitazama kamera, nikafuata saa yake bila kumwambia mtu. GPS tuliisoma tu na kunakili namba zake kwenye fomu, bila kuhifadhi njia tuliyopita. Siku ya pili wimbi lilitulowesha, karatasi zikachanganyika, nami nilipozitandaza mkekani nyumbani nikakuta fomu mbili zimeandikwa 3:00, moja ya mkondo wa Wasini, nyingine ya nje ya Kisite. Picha ya saa 9:00 ya kamera, yaani saa tatu asubuhi ya Kiswahili, ilikuwa ya mama ambaye ukingo wa nyuma wa pezi lake una mapengo mawili, la juu la mviringo kama lililomegwa kwa ukucha, la chini limechanika kwenda ndani. Ubavuni pake palikuwa na mtoto mchanga, bado ana mistari hafifu ya mikunjo ya tumboni mwa mamaye. Kwa mapengo kama hayo ndipo tunapomtambua pomboo mmoja mwaka hadi mwaka. Sikuweza kusema alikuwa wapi, kwa kuwa sikujua fomu ipi kati ya zile mbili ilikuwa ya asubuhi. Tuliziacha kumbukumbu zote za siku ile, na jambo hilo bado linaniuma, maana mahali anaponyonyeshea mama ndipo hasa boti za watalii zinapopaswa kupunguza mwendo.

Basi kabla ya kung'oa nanga, kubalianeni mfumo mmoja wa saa, ule wa saa 24, na uandikwe juu ya kila fomu, nayo fomu ipewe namba. Kumbuka kwamba GPS huhifadhi saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3. Kisha ipige picha skrini ya GPS kwa kamera hiyohiyo, asubuhi na jioni, ili hata tofauti ya dakika moja ionekane.

Andika na saa ulizozunguka bila kuona kitu, kwani nazo ni matokeo. Piga picha mapezi yote, hata yasiyo na alama, na ya pande zote mbili ukiweza. Likaribieni kundi kwa ubavu, polepole, msilikatize mbele. Mama akigeuka mara mbili kuwakwepa, mwacheni. Mwambie mtu wa pwani mtarudi saa ngapi. Asiruke mtu majini kuogelea nao, hata bahari ikiwa shwari, na wingu jeusi likisimama upande wa Pemba, geuzeni boti bila kungoja kundi la mwisho.