Boga na pera, kila moja na kazi yake
Wadau mnaopitia soko la Kilombero jioni, boga chagua lile la ndani njano iliyokolea, hapo ndo kuna vitamini A ya maana, ila lipike na mafuta kidogo au karanga maana bila mafuta mwili hauifyonzi vizuri. Pera sasa ni habari nyingine, gramu 100 zina vitamini C kama miligramu 228, chungwa lina 53 tu, na nyuzinyuzi pia linalizidi boga mbali, ila ulile na ganda lake bila kulipika. Boga zima lenye kikonyo linakaa hata miezi miwili pakavu, pera likishanukia una siku mbili tatu. Na mbegu za boga msitupe jamani, kaangeni na chumvi.