Kusimbua data iliyobanwa kwa kutumia jedwali la rejea

Picha za JPEG, faili za ZIP na kurasa nyingi za intaneti hubanwa kwa njia ambazo ndani yake mna misimbo aliyoibuni David Huffman na kuichapisha mwaka 1952: herufi inayojirudia sana hupewa msimbo mfupi, na ile ya nadra hupewa mrefu. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, njia ya kupitishia data ilipanuka, lakini kazi ya kuifungua data hiyo ilibaki kwa prosesa ya simu inayoipokea, na si kila aliyeko Likoni au Kisauni ana simu ya bei kubwa. Kwa hiyo anayeandika programu ya kusimbua hana budi kuhesabu pia hatua anazoifanyisha prosesa kwa kila herufi.

Njia inayofundishwa kwanza ni ya mti: programu husoma biti moja (0 au 1), ikashika tawi la kushoto au la kulia, ikasoma nyingine, hadi ifike kwenye jani, yaani mwisho wa tawi penye herufi. Ni njia sahihi, ila programu hiyo huenda kama mgeni wa Mji wa Kale anayeuliza njia kila kichochoro kinapogawanyika. Jedwali la rejea huondoa maswali hayo. Programu huchungulia biti kadhaa kwa pamoja, huzitumia kama namba ya nafasi katika jedwali, na katika nafasi hiyo hukuta mambo mawili: herufi yenyewe na urefu wa msimbo wake.

Tuchukue neno MOMBASA. M na A zimetokea mara mbili kila moja. O, B na S mara moja moja. Kanuni ya Huffman huweza kuzipa A, M na S biti mbili kila moja, na B na O biti tatu. Urefu ukishajulikana, misimbo hupangwa kwa utaratibu maalumu: huanza mifupi, iliyolingana urefu hufuata alfabeti, kila msimbo ni ule uliotangulia ukiongezwa moja, na urefu unapozidi kwa biti moja, sifuri huongezwa upande wa kulia. Tunapata A = 00, M = 01, S = 10, B = 110 na O = 111. Uzuri wake ni kwamba faili hailazimiki kubeba misimbo yenyewe. Ikibeba urefu tu, msomaji huijenga upya bila kukosea.

Msimbo mrefu kabisa una biti tatu, hivyo jedwali litakuwa na nafasi 8. Msimbo wa biti tatu hujaza nafasi moja. Msimbo wa biti mbili haujali biti ya tatu ni ipi, kwa hiyo hunakiliwa katika nafasi zote mbili zinazoanza nao:

000 na 001: A, urefu 2
010 na 011: M, urefu 2
100 na 101: S, urefu 2
110: B, urefu 3
111: O, urefu 3

Neno zima limekuwa 0111101110001000, yaani biti 16 badala ya 56 za herufi saba zenye biti nane kila moja. Chungulia tatu za mwanzo, 011, na jedwali litakujibu M, urefu 2. Hapa ndipo wengi huteleza: umechungulia tatu lakini unatupa mbili tu, kwa maana ile ya tatu ni mali ya herufi inayofuata. Zilizobaki zinaanza na 111, nayo ni O, tupa tatu. Endelea: 011 ni M, 110 ni B, 001 ni A, 100 ni S. Sasa zimesalia 00 peke yake, na jedwali linadai tatu. Pachika sifuri moja mwishoni upate 000, ambayo ni A yenye urefu 2, na biti zitakuwa zimekwisha. Lakini sifuri za kupachika zikichunguliwa tena zitasomeka kama A nyingine, kwa hiyo lazima programu ijue pa kusimama, ama kwa idadi ya herufi iliyoandikwa mapema, ama kwa alama ya mwisho, kama ilivyo alama namba 256 katika Deflate, muundo wa mbano unaotumiwa na gzip na faili nyingi za ZIP. Tena, urefu uliosomwa ukizidi biti halisi zilizosalia, faili imekatika, na programu iseme hivyo badala ya kukisia.

Mpangilio wa biti nao una mtego wake. JPEG huanza kusoma kila baiti (biti nane) kutoka biti kubwa, ile ya kushoto kabisa, kama tulivyofanya hapa. Deflate huanza na biti ndogo, ile ya kulia kabisa, ilhali misimbo yake ya Huffman hupakiwa ikitanguliza biti yake kubwa, hivyo unapojaza jedwali ni lazima uugeuze kila msimbo nyuma mbele. S ya 10 inakuwa 01, na nafasi zake ni ya 1 na ya 5, ambazo hazifuatani tena, bali hupishana kwa 4.

Swali gumu ni upana wa jedwali. Misimbo ya Deflate hufika biti 15, na jedwali la upana huo lina nafasi 32,768. Kila nafasi ikichukua baiti nne, hizo ni kilobaiti 128, kiasi kinachozidi kashe ya kwanza, yaani kumbukumbu ndogo yenye kasi kubwa iliyo ndani ya prosesa, katika prosesa nyingi. Zaidi ya hayo, fungu la data linaweza kuja na misimbo yake mipya, na jedwali likajengwa upya kila mara. Kwa maoni yangu gharama hiyo ya kujenga ndiyo inayosahaulika zaidi. Maktaba ya zlib, yaani mkusanyo wa programu tayari wa kubana na kufungua Deflate, hutumia jedwali kuu la biti 9 lenye nafasi 512 kwa herufi na kwa urefu wa vipande vya data vinavyojirudia. Msimbo unaozidi hapo hupelekwa kwenye jedwali dogo la pili, linalosomwa kwa biti zilizosalia. Kwa kuwa misimbo mirefu ni ya nadra, safari hiyo ya pili haifanyiki mara nyingi. Anza na 9 au 10, kisha upime kwa faili zako mwenyewe.

Kabla ya kujaza jedwali, jumlisha nafasi zitakazodaiwa na misimbo yote. Katika mfano wetu ni 2 + 2 + 2 + 1 + 1 = 8, sawasawa na ukubwa wa jedwali. Jumla ikizidi, faili ni mbovu na ikataliwe papo hapo. Ikipungua, kuna nafasi zitakazobaki tupu. Zijaze alama ya kosa, na ukumbuke kwamba Deflate inaruhusu upungufu huo pale penye msimbo mmoja tu wa umbali, yaani wa kueleza kipande kinachojirudia kiko nyuma kiasi gani. Ile programu ya mti usiifute: iendeshe sambamba na ya jedwali kwenye faili zilezile, na matokeo yakitofautiana hata kwa baiti moja, anza kutafuta kosa kwenye ujazaji wa jedwali.