Kabla hujaamini wastani wa mvua, uliza daftari lina miaka mingapi

Nilianza kupima mvua uani kwangu Tabata, Dar es Salaam, Januari 2012, wiki chache baada ya mafuriko kulikumba bonde la Msimbazi. Kila siku saa tatu asubuhi nasoma milimita na kuandika kwenye kauntabuku. Jirani anayetaka kujenga akija kuniuliza mvua za hapa zikoje, kwanza namwambia hili: daftari langu halijui Desemba 2011. Lilianza maji yalipokwisha kupungua.

Basi ukipewa takwimu, tafuta mwaka wa kwanza na wa mwisho. Kisha uliza ndani yake mna nini. Miaka ya 2019 hadi 2023 ina vuli mbili nzito, ya 2019 na ya 2023, na katikati yake kuna ukame ulioushusha Mto Ruvu, tunakopata maji, mpaka tukapewa maji kwa mgao. Utapata wastani, lakini mwaka mmoja tu unauyumbisha. Piga hesabu: mwaka mmoja ukizidi kawaida kwa milimita 600, wastani wa miaka mitano unapanda kwa 120. Kwa miaka 30 unapanda kwa 20 tu. Ndiyo maana Shirika la Hali ya Hewa Duniani linatumia miaka 30 kama kipimo cha kawaida. Cha sasa ni 1991–2020. Joto la Dar halibadiliki sana mwaka hadi mwaka, kwa hiyo miaka michache huanza kukupa picha. Mvua haikubali haraka hiyo.

Kwa mtaro au daraja, hata 30 ni michache. Mvua inayotarajiwa mara moja kwa miaka mia inaweza isiwemo kabisa kwenye rekodi yako, na mwakani ikanyesha. Hapo nenda Mamlaka ya Hali ya Hewa ukaombe rekodi ndefu ya kituo cha karibu.

Halafu kagua mapengo. Siku kavu naandika 0.0; siku nisiyopima naweka mstari. Ukizichanganya, safari yako ya wiki moja kijijini inageuka ukame.

Uliza pia kama chombo cha kupimia kilihamishwa au kilikingwa na kitu. Mpapai wangu ulikua ukakinga chombo, nikasoma pungufu msimu mzima kabla sijashtuka. Niliukata, na tarehe ya kuukata nimeiandika kwa wino mwekundu pembeni, ili atakayesoma asidhani mvua ndiyo iliyoongezeka.